Posho ya watoto Uingereza: kuirudisha kwa kodi sawa, ila kipimo kinaumiza

Mkuu, umeuliza kwa nini Uingereza iwape posho ya watoto hata wenye mishahara minono, halafu iwafuate kwa kodi, wakati ingewapa wasionacho tu ikaokoa fedha. Nina watoto wawili hapa, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kuirudisha kwa kodi sina tatizo nako. Hela inaingia kwa mama kila wiki nne, na baba akipoteza kazi leo, kesho haanzi kuhangaika na maombi mapya. Kinachoniuma ni kipimo. Utaratibu ulipoanza Januari 2013 ulitazama kipato cha mtu mmoja: ukivuka pauni 50,000, kila pauni 100 inayozidi inaondoka na asilimia 1 ya posho, ukifika 60,000 imekwisha yote.

Mwaka wa kodi 2019/20 nilifika 54,000 kwa sababu ya ovataimu, mke wangu yuko nyumbani ananyonyesha. Posho yetu ya mwaka ilikuwa pauni 1,788, nikadaiwa 715. Jirani yangu na mkewe walikuwa wanapata 48,000 kila mmoja, nyumba nzima 96,000, hawakudaiwa hata senti. Usiku ule niliweka hati ya mshahara mezani nikapiga hesabu: katika kila pauni 100 ya ovataimu, ukitoa kodi, bima ya taifa na posho inayorudi, nabaki na 40. Nikaacha zamu za Jumapili.

Tangu Aprili 2024 makato yanaanzia 60,000 na posho inakwisha 80,000. Nafuu ipo. Lakini Machi mwaka huo waziri wa fedha Jeremy Hunt aliahidi kwamba ifikapo Aprili 2026 watapima kipato cha kaya, na Oktoba Rachel Reeves, aliyemrithi katika wizara hiyo, akaifuta ahadi hiyo kwa sababu ya gharama. Gharama hiyo sasa inabebwa na nyumba zenye mshahara mmoja, na wazazi wanaolea peke yao.

Nakusihi, fomu usiache kujaza. Hata kama utakatwa yote, jaza, kisha chagua kutolipwa. Mama asiye kazini anahesabiwa miaka ya pensheni ya serikali hadi mtoto atimize miaka 12. Shemeji yangu hakujaza, waliambiwa hawastahili, na leo rekodi yake ina pengo la miaka mitatu. Kama mtoto wako ameshazaliwa, jaza wiki hii, maana malipo yanarudi nyuma miezi mitatu tu.