Mkuu, kinanda chako si kibovu

Umeuliza kwa nini organi ya kwenye kinanda chako haifanani na ile ya Jon Lord, mpiga organi wa bendi ya rock ya Deep Purple, na umeshajaribu sauti zote zilizomo.

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, Dar. Kuna mwaka tuliletewa Hammond B-3, organi ya umeme ya jamii ile ile ya Lord, ya mtumba kutoka Marekani, wanaume sita jasho linawatoka kuishusha garini. Tukaichomeka kwenye transfoma ya kushusha volti. Nabonyeza C, inalia A, tena A iliyolegea. Kwaya nzima hoi kwa kicheko. Fundi akataka kuifumua, kumbe haina ubovu wowote: mota yake inakwenda na mapigo ya umeme, kwao hezi 60, kwetu 50, na transfoma haigusi hilo. Mpaka tulipopata kifaa cha kutoa hezi 60 ndipo ikakaa sawa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ile ni mashine kweli. Ndani kuna magurudumu 91 ya chuma yenye meno, yanazunguka mbele ya sumaku zenye koili. Ukibonyeza kitufe, nyaya tisa zinagusana, ila hazigusani kwa pamoja, ndiyo maana unasikia "tik" mwanzoni mwa noti. Laurens Hammond, aliyeibuni, aliihesabu kasoro. Wapiga rock wakaing'ang'ania.

Halafu kuna spika ya Leslie, ile inayotoa sauti ya Hammond. Juu honi inazunguka, chini kuna pipa linalozungusha besi, na kasi ni mbili. Utamu uko pale unapobadilisha: honi inachanganya haraka, pipa zito linajivuta nyuma yake, na kwa sekunde kadhaa haviko pamoja. Vinanda vingi vya bei nafuu vinatikisa sauti tu, basi.

Lakini Lord alikwenda mbali zaidi, akaichomeka Hammond kwenye amplifaya za Marshall, zile za gitaa. Ndiyo maana aliweza kubishana na gitaa la Ritchie Blackmore mwenzake wa bendi, bila kumezwa. (Bendi ya The Doors usiichanganye humu, mpiga kinanda wao Ray Manzarek alianza na Vox Continental, organi ya transista, sauti nyembamba inayokata.)

Na usidhani organi ni pambo la nyuma. Matthew Fisher alipiga Hammond kwenye wimbo wa bendi ya Procol Harum wa 1967, "A Whiter Shade of Pale", na mwaka 2009 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ikamthibitishia fungu lake la umiliki wa wimbo kwa sababu ya kinanda kile.

Kwa hiyo fanya hivi: zima ule mpangilio wa kubonyeza kwa nguvu kuongeza sauti, Hammond haina, sauti inapandishwa kwa pedali ya mguu. Pedali ya kurefusha noti weka kando kabisa. Kama kinanda kina vile vijiti tisa vya kuchanganya sauti (drawbars), vuta vitatu vya kwanza kushoto mpaka mwisho, vingine sukuma ndani. Kisha pitisha kwenye pedali ya gitaa ya kukwaruza sauti, urudi utuambie majirani wamesemaje.