Kopa nne na dau mbele yako: ufuate au utupe?

SWALI: Nacheza mashindano ya poka mtandaoni, niko Kayole, Nairobi. Juzi nilikuwa na 8 na 9 za kopa. Karata tatu za kwanza mezani: mfalme wa kopa, 4 ya kopa, 2 ya pao. Blaindi, yaani dau za lazima, ndogo 500 na kubwa 1,000. Chungu, yaani chipu zinazogombewa mezani, kilikuwa na 6,000, mpinzani akaweka 4,000. Mimi nilikuwa na chipu 18,000, yeye zaidi ya hapo. Nilifuata kwa kuwa nimesoma kopa ya tano, inayokamilisha mkono wa karata tano za alama moja, huja asilimia 35. Karata ya nne haikuwa kopa, akaweka dau kubwa tena, nikatupa. Nilikosea wapi?

JIBU: Hiyo 35 ni ya kweli, lakini ni ya mtu anayeziona karata mbili zijazo bila kutozwa tena. Wewe ulilipia moja. Karata usizoziona ni 47, kopa zilizobaki ni 9, kwa hiyo nafasi yako kwenye karata ya nne ilikuwa 9 kwa 47, yaani asilimia 19.

Sasa angalia bei. Ulitoa 4,000 ili chungu kifike 14,000, na hiyo ni karibu asilimia 29. Umenunua kitu cha 19 kwa 29. Kufuata kungelipa tu kama kopa ikiingia ungemtoa mpinzani wastani wa chipu 6,900 zaidi, karibu nusu ya zile 14,000 ulizobaki nazo. Kopa ya tatu ikitua mezani kila mtu anaiona, na mwenye mfalme mmoja huanza kupunguza mwendo. Anayengoja karata za mfululizo hulipwa vizuri zaidi, maana karata yake haipigi kelele. Ana karata 8 zinazomfaa ikiwa mfululizo uko wazi pande zote mbili, na 4 tu ikiwa pengo liko katikati.

Bei zenyewe zikae kichwani, kwa sababu saa ya mtandaoni haingojei kikokotoo. Dau la theluthi ya chungu linadai uwe na asilimia 20. Nusu ya chungu, 25. Chungu kizima, 33. Kwa nafasi yako, zidisha karata zinazokufaa kwa 2 ukingoja karata moja. Zidisha kwa 4 ikiwa chipu zote zimeshaingia na mbili bado zinakuja. Ukiwa na karata 15, zidisha kwa 4 upate 60, ila jibu halisi ni 54. Njia hii hutia chumvi karata zikiwa nyingi.

Halafu zile 9 zenyewe hazikuwa safi zote. Mwenye kopa mbili kubwa kuliko zako, tuseme ree na 10, kopa ya tatu ikitua mezani anakuzika pamoja na kopa zako. Na kama mpinzani ana wafalme watatu, 2 ya kopa inakupa kopa tano wewe, lakini inampa yeye wafalme watatu na 2 mbili, mkono unaoshinda wako. Kwenye poka ya mtaani, ile ya "niko kadi", 2 humwokotesha mwenzako karata. Hapa ingekuokotesha hasara wewe mwenyewe.

Ungefanya nini basi? Kwa chipu 18,000, yaani blaindi kubwa 18, machaguo ya maana yalikuwa mawili: kutupa au kuingiza zote. Ukiingiza zote naye akatupa, unachukua 10,000 zilizo mezani. Akifuata, chungu kinakuwa 42,000, na asilimia 35 yake ni 14,700, pungufu ya 3,300 tu kuliko ungetupa. Piga hesabu: akitupa angalau mara moja katika nne, umefaidika. Dhidi ya mtu anayeweka dau kila flopu, yaani kila karata tatu za kwanza zikifunuliwa, ningeingiza. Dhidi ya yule asiyetupa jozi hata umfukuze, tupa, kwa sababu hapo nguvu ya kumtisha haipo.

Hesabu hii inabadilika mkikaribia zawadi, na hapo ndipo wengi huanguka. Chukua meza ya watu wanne wenye chipu sawa, zawadi shilingi 5,000, 3,000 na 2,000, wa nne hapati kitu. Fungu lako lina thamani ya shilingi 2,500. Ukimtoa mmoja ukawa na chipu mara mbili, thamani haifiki 5,000. Inafika kama 3,830. Kwa hiyo, mbali na kilichokwisha kuwa chunguni, kuingiza zote kunadai ushinde asilimia 65. Kopa nne hazina hiyo kabisa. Kufuata dau la mtu aliyeingiza zote hapo ni kutupa pesa. Kuingiza wewe kwanza bado kunawezekana, ila kwa mwenye fungu la kati anayeogopa kutoka, si kwa kinara.

Mwanzoni mwa mashindano, chipu zikiwa blaindi 100, kufuata dau dogo kunakubalika, hasa ukiwa wa mwisho kuchukua hatua, maana mara nyingine mpinzani atapitisha na karata ya tano utaiona bure. Chini ya blaindi 12, usifuate kabisa.

Na weka bando kwenye simu hata kama una waifai. Stima ikipotea dau likiwa mbele yako, saa ikiisha karata zinatupwa, hata kama nafasi yako ilikuwa 54.