Weka bunduki chini, mfuate mpita njia

Juzi msomaji mmoja aliniandikia. Anataka kutengeneza filamu kwa picha za gemu ya kompyuta: amerekodi saa sita ndani ya gemu, amehariri wiki mbili, na rafiki zake walipoitazama kazi yake wakamwambia, "Umecheza vizuri." Ndugu yangu, hilo pigo nalijua.

Filamu yangu ya kwanza ilijaa milipuko na magari yanayoruka. Niliipeleka kwenye tamasha fulani, nikajibiwa mstari mmoja: tunapokea filamu, si rekodi za gemu. Nimesamehe, ingawa mstari huo bado naukumbuka neno kwa neno. Tena hata historia hawakuijua! Mwaka 1996 wachezaji wa Quake tayari walikuwa wametengeneza filamu isiyofika dakika mbili ndani ya gemu hiyo. Mwaka 2001 mtengenezaji filamu Peggy Ahwesh akamchukua Lara Croft, shujaa wa gemu ya Tomb Raider, akaachana na habari za ushindi, akatuonyesha mwanamke anayekufa na kufufuka, kisha anakufa tena. Huyo ndiye aliyenifumbua macho. Kwangu mimi, kusema kweli, wale wa tamasha walikuwa na haki: nilikuwa nimecheza tu.

Basi nikarudi Los Santos, mji wa gemu ya Grand Theft Auto V, bila bunduki. Siku nzima kule ni dakika 48 za saa yako ya ukutani. Nikamchagua mpita njia mmoja, mwanamke, nikamfuata nijue anakwenda wapi. Haendi popote. Anatembea, anasimama kwenye taa, anavuka, anatembea tena. Hana nyumba, maana hakuna aliyemtungia nyumba. Nikageuza kamera kidogo kutazama jua likizama, kuirudisha, hayupo. Gemu imemfuta ili kompyuta isielemewe. Nilizunguka mitaa ile nikimtafuta kama mjinga, na nilipojikuta namtafuta kweli, nikajua filamu nimeipata.

Miezi ya kuhariri siwasimulii. Wiki iliyopita ilionyeshwa, na taa zilipowashwa mama mmoja akaniuliza, "Yule dada alikwenda wapi?" Hakuuliza ni gemu gani. Nilishindwa kumjibu, koo lilinikaba.

Ushauri wangu ni huu: acha kucheza. Ficha ramani ndogo, kipimo cha uhai na idadi ya risasi. Tuliza kamera hata baada ya wewe mwenyewe kuchoka kuitazama picha. Na acha kucheza. Narudia kwa sababu nawajua, usiku wa leo mtarudi kwenye milipuko. Mnahangaika na kompyuta yenye nguvu zaidi, mnasaka picha inayong'aa zaidi, halafu mnashangaa watazamaji hawaguswi. Wataguswaje na mtu ambaye hata wewe uliyemrekodi hukumwangalia?

Nawe ndugu yangu, zile saa sita usizifute. Zitazame upya, ila mhusika wako mwache. Angalia nani anapita nyuma yake.