Nani Ataamka Simu Ikilia? Ushauri kwa Wanaosimamia Tovuti za Wateja

Mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, nilimtumia mteja wangu wa Arusha, mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, ripoti iliyoonyesha kwamba tovuti yake ilikuwa hewani kwa asilimia 100 ya siku thelathini zilizotangulia. Siku mbili baadaye alinipigia simu, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvumilia vya kutosha akaniambia, "Kaka, wageni wangu wanasema kila wakibonyeza jina letu kwenye Google wanapelekwa kwenye kamari." Niliifungua tovuti palepale nikaiona iko salama. Nikaifungua kwa kompyuta nyingine, nayo ikanionyesha simba na mahema kama kawaida. Nilikaribia kumjibu kwamba huenda simu za wageni ndizo zenye virusi, na mpaka leo nashukuru kwamba neno hilo halikunitoka.

Aliyeivamia tovuti hiyo alikuwa ameongeza mistari michache katika faili la .htaccess, linaloipa seva maagizo ya namna ya kuwapokea wageni, akiiagiza seva imgeuzie njia kila mgeni anayetoka Google akiwa na simu, na imwache apite bila kuguswa yule anayeandika anwani moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa hiyo mwenye tovuti, fundi wake na chombo cha ufuatiliaji (programu inayoikagua tovuti kila mara), yaani wote ambao wangeweza kuchukua hatua, walionyeshwa tovuti nzima, ilhali waliopotezwa ni wale ambao mteja wangu aliwahitaji zaidi, tena katikati ya msimu wa kiangazi ambapo maombi ya safari humiminika. Mvamizi aliingilia kwenye programu-jalizi ya fomu, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye tovuti, ambayo sikuwa nimeisasisha kwa miezi kadhaa, na katika orodha ya wasimamizi nilikuta akaunti ambayo hakuna yeyote kati yetu aliyeifungua. Nilipopekua barua pepe zangu niligundua kwamba tahadhari ya akaunti hiyo, yaani ujumbe wa kuonya unaotumwa na chombo, ilikuwa imenifikia siku ileile ilipofunguliwa. Ilikuwa imefukiwa katikati ya mamia ya barua za chombo hichohicho cha ulinzi, zote zikinijulisha kwamba mtu fulani kutoka anwani fulani amekosea nenosiri.

Tangu hapo sianzi kazi ya mteja mpya kwa kuchagua chombo. Naanza kwa kuandika, kwa kila tahadhari, nani ataipokea ikilia saa nane usiku na atafanya nini baada ya kuisoma. Ikiwa hakuna jibu, tahadhari hiyo naizima, hata kama chombo kimekuja nayo ikiwa imewashwa, kwa sababu ujumbe usiodai tendo lolote humzoesha anayeupokea kuupita bila kuusoma hata ule utakaokuja na jambo la hatari.

Kwa tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ambazo ndizo nyingi ninazozisimamia, majaribio ya kuingia yaliyoshindwa ni kelele ya kila siku. Roboti huzunguka intaneti zikibahatisha manenosiri, na kazi ya kuzizuia inafanywa na kikomo cha majaribio pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili, wala si na mimi kusoma barua zake. Hesabu yake naitazama mara moja kwa juma. Tahadhari nilizoziacha zinifikie papo hapo ni chache: msimamizi mpya ameongezwa, msimamizi ameingia kutoka nchi ambayo hatufanyi kazi, faili la PHP, yaani lenye msimbo unaoweza kuendeshwa na seva, limetokea ndani ya folda ya picha, ambamo halina sababu ya kuwamo, au faili la msingi la WordPress limebadilika bila mimi kusasisha kitu. Hili la mwisho hukaguliwa kwa amri ya wp core verify-checksums, inayolinganisha mafaili yako na yale yaliyotolewa na WordPress yenyewe. Lakini elewa mipaka yake. Amri hiyo isingeligundua tatizo la mteja wangu, kwa kuwa .htaccess haimo katika orodha ya mafaili yanayolinganishwa. Kwa sababu hiyo nimeandika skripti fupi inayokagua kila saa kama .htaccess na wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress) zimebadilika hata kwa herufi moja, na ikikuta mabadiliko inanitumia mistari iliyoongezwa, ili niweze kuamua nikiwa bado kitandani kama ni kazi yangu ya jioni au ni mkono wa mtu mwingine.

Juu ya hayo, fundisha chombo chako kuitembelea tovuti kama mgeni anavyoitembelea. Programu ya curl, inayofungua kurasa kwa amri bila kivinjari, inaweza kujitambulisha kama simu na kudai kwamba imetoka Google, na ikiwa jibu linaipeleka kwenye anwani isiyo ya mteja, hapo pana jambo. Mimi huendesha ukaguzi huo kila baada ya saa sita, na mara moja kwa mwezi huchukua simu yangu mwenyewe, kwa intaneti ya simu na si ya ofisini, nikatafuta jina la mteja kama mgeni angelitafuta. Marudio haya ya mkono yana maana, kwani wavamizi wengine humgeuzia njia mgeni mara moja tu kisha humwachia alama kwenye kivinjari ili safari ya pili asione kitu, na mgeni akilalamika aonekane anasema uongo. Isajili pia kila tovuti katika Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na uhakikishe barua zake zinafika mahali panaposomwa. Google ikikuta maudhui ya udukuzi humjulisha mwenye tovuti kupitia hapo, na kama umewekewa maelfu ya kurasa za Kijapani zinazouza bidhaa bandia, jambo ambalo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi utaziona humo kabla ya kuziona popote pengine.

Kuhusu ufuatiliaji wa kawaida, ule wa kuuliza kama tovuti iko hewani, vyombo viko vingi na tofauti zake si kubwa kama matangazo yanavyodai. UptimeRobot, kwa mfano, hukagua kila dakika tano katika mpango wake wa bure, na Uptime Kuma unaweza kuiweka mwenyewe kwenye seva yako. Soma masharti ya mpango wowote wa bure kabla ya kumtoza mteja kwa huduma inayoutegemea. La kuzingatia zaidi ni kwamba msimbo wa 200, ambao seva huurudisha kusema ombi limefanikiwa, hauthibitishi kitu: ukurasa mtupu unaweza kurudisha 200, na hata ukurasa wa kampuni ya hostingi unaotangaza kwamba akaunti imesimamishwa unaweza kufanya hivyo. Kiambie chombo kitafute maneno yaliyo chini kabisa ya ukurasa, kama vile anwani ya ofisi ya mteja, kwa sababu yakionekana hayo unajua ukurasa umekamilika hadi mwisho wake. Kisha kiamuru kisilie mpaka kikose jibu mara mbili au tatu mfululizo, tena kutoka sehemu zaidi ya moja.

Suala la mahali linastahili kufikiriwa kwa makini na sisi tulio huku. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya mawasiliano ya baharini inayohudumia Afrika Mashariki, EASSy ukiwa mmojawapo, ilipokatika, vyombo vyangu vilivyokuwa Ulaya viliniambia kwamba kila tovuti iko salama, navyo vilisema kweli, kwa kuwa seva zenyewe zilikuwa Ujerumani. Wateja wangu wa Dar es Salaam walikuwa wakikodolea macho ukurasa usiofunguka na kunipigia simu mmoja baada ya mwingine. Sasa nina kompyuta ndogo ofisini inayokagua kutoka ndani ya nchi. Kwa kuwa umeme nao hukatika, kompyuta hiyo hairuhusiwi kutangaza peke yake kwamba tovuti imeanguka. Ikilia yenyewe na vyombo vya nje vikasema pako shwari, tatizo ni la njia au la umeme wetu, na ujumbe anaoupata mteja unasema hivyo. Na kamwe usikiweke chombo cha ufuatiliaji kwenye seva ileile kinayoichunga, maana vitaanguka pamoja na hutasikia chochote.

Vyeti vya SSL, vinavyothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake, na majina ya domeni, yaani anwani za tovuti, yakiisha muda huangusha tovuti nyingi bila mdukuzi kuhusika. Watu wengi walizoea kupokea barua ya kukumbushwa kutoka Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, ambayo vyeti vyake vya kawaida hudumu siku 90, lakini huduma hiyo ya kukumbusha ilisitishwa tarehe 4 Juni 2025. Tena muda wa vyeti vya aina zote unapunguzwa kwa hatua: kikomo ni siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Anayehuisha vyeti kwa mkono ajue kwamba kazi hiyo itamshinda. Acha seva ihuishe yenyewe, na tahadhari yako ilie cheti kikibakiza siku 14, kwa sababu kufikia hapo uhuishaji wa seva ulipaswa kuwa umekwisha kufanyika.

Domeni ina mtego wake. Mteja mmoja wa Moshi alipoteza barua pepe za kampuni nzima kwa siku tatu kwa sababu domeni yake ilikwisha muda, na kila kumbusho la malipo lilikuwa limetumwa kwa mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Nilipotaka kurekebisha, nikashauri tahadhari ziende kwenye anwani ya ofisi, kisha nikajizuia: anwani ile ilikuwa ya domeni ileile, na siku domeni inapokufa anwani inakufa nayo. Tahadhari za domeni, cheti na seva ya barua zipelekwe kwenye sanduku lisilotegemea kitu kinachochungwa, pamoja na namba ya simu ya mwenye kampuni, na domeni yenyewe iandikishwe kwa jina la mteja, si la fundi.

Baada ya vyombo kuna mazungumzo na mteja, na hapa ndipo mafundi wengi hukimbia. Mteja hahitaji kupokea ujumbe uleule ninaoupokea mimi. Mimi nahitaji jina la seva na msimbo wa kosa, naye anahitaji kujua kama wageni wake wanaathirika, nani anashughulikia na atapata taarifa nyingine saa ngapi. Mambo haya naandika kwenye karatasi moja tunayotia saini: saa ambazo naamka na saa ambazo siamki, gharama ya kila kimoja, na namba ya pili ya kupigwa yangu isipopokelewa. Kwa kampuni ya utalii usiku si wakati wa kupuuza, kwani saa tatu usiku ya New York wakati wa kiangazi chao ni saa kumi alfajiri ya Arusha, na huyo anayejaza fomu ya safari akiwa sebuleni kwake hatasubiri kukuche kwetu. Wala simwahidi mtu asilimia 100. Hata asilimia 99.9 inaruhusu takribani dakika 43 za kutokuwa hewani kwa mwezi, na mteja akielezwa hivyo mapema huelewa.

Kipengele ninachokisisitiza kuliko vyote katika karatasi hiyo ni mamlaka ya kuzima. Nikikuta usiku kwamba tovuti inawapeleka wageni kwenye wizi, je, ninaruhusiwa kuifunga bila kumwuliza mwenyewe? Fundi asiye na ruhusa hiyo kwa maandishi atatazama madhara yakiendelea huku simu ya mteja ikiita bila kupokelewa, au ataizima kisha alaumiwe kwa safari zilizopotea. Fomu za safari hukusanya majina, tarehe za kuzaliwa na namba za pasipoti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa jirani zetu Kenya, sheria yao ya mwaka 2019 inataka uvujaji wenye hatari ya kuwadhuru wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Andika basi saa ambayo tahadhari ililia, saa uliyoisoma na kila ulichokigusa, tena hifadhi nakala ya mafaili yaliyovamiwa kabla ya kuyasafisha, kwani mteja atakapoulizwa nini kilichukuliwa na lini, kumbukumbu zako ndizo atakazozishika mkononi.

Nakala rudufu nazo zinahitaji tahadhari ya aina ya kinyume. Skripti ya nakala ikifa haisemi kwamba imekufa, inanyamaza tu. Kwa hiyo zangu hutuma ishara kila zinapomaliza kazi, kwa huduma kama Healthchecks.io, na ishara isipofika kufikia saa kumi na mbili asubuhi ndipo simu yangu hulia.

Mwisho kabisa, ijaribu njia nzima. Kila baada ya miezi mitatu, kwa makubaliano na mteja, huibadilisha .htaccess kwa makusudi, hufungua akaunti ya msimamizi wa majaribio, na huiangusha tovuti ya mfano niliyoiweka kwenye seva yake, kisha hukaa na saa mkononi. Jaribio la kwanza lilinionyesha kwamba salio la ujumbe mfupi lilikuwa limekwisha wiki tatu kabla, na kwamba barua za tahadhari zilikuwa zikitupwa kwenye folda ya taka kwa sababu seva iliyozituma haikutajwa katika rekodi ya SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni. Jaribio la pili lilinionyesha kwamba namba ya pili kwenye karatasi yetu ilikuwa ya binti wa mteja, ambaye alikuwa amekwenda chuo Dodoma na hakuwa na nenosiri lolote. Tuliibadilisha siku hiyohiyo tukaweka ya mhasibu wake, nikampigia saa tano usiku kuhakikisha, naye akapokea.