Plagi Imelegea? Itoe Kwanza

Wadogo zangu wa gereji, wiki hii nimemwona kijana wa tatu akibadilisha koili nzima, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa sababu mashine ya kupima ilimpa P0302, namba ya hitilafu inayosema silinda ya pili inamisi, yaani haiwaki sawasawa. Koili mpya ikafungwa, silinda ya pili ikaendelea kumisi. Nilipoingiza soketi kwenye plagi, ikazunguka kwa vidole viwili tu. Nilikasirika kidogo, kisha nikanyamaza. Kosa la kufukuzia mbali kitu kilicho mkononi nalijua vizuri, maana la kwangu liliharibu hedi ya mtu, ile sehemu ya juu ya injini plagi zinapofungwa.

1. Sikiliza. Plagi iliyolegea hutoa "ch-ch-ch" inayofuata mwendo wa injini na kuzidi ukikanyaga mafuta, kwa kuwa gesi ya mlipuko inapenya chini ya washa, ile pete ya chuma inayoziba shina la plagi. Wengi wenu mnadhani ni tapeti, zile za valvu. Kwenye injini ambazo plagi ziko wazi, dondosha maji ya sabuni kwenye shina lake injini ikinguruma kabla haijapata moto, uangalie mapovu.

2. Isome ukishaitoa. Mistari ya masizi kwenye nyuzi (mikunjo ya kufungia) za juu na pale washa inapokalia ni gesi iliyokuwa inapita. Ila msiichanganye na ile rangi ya kahawia inayozunguka kaure nyeupe, juu kidogo tu ya chuma. Hiyo huletwa na umeme wa volti kubwa unaovuta chembe za mafuta zilizo hewani, na plagi yenyewe ni nzima. Inaniuma kuona plagi nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo.

3. Usikaze injini ikiwa ya moto. Hapa lazima nisimulie.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Gari lililetwa linamisi, nikagundua plagi ya silinda ya tatu inacheza. Mwenye gari alisimama pembeni, ana haraka, nami nilitaka aone kuwa kazi naijua. Hedi ilikuwa haishikiki kwa moto. Nikaingiza soketi, nikakaza kwa racheti ndefu. Ikashika. Nikaongeza robo mzunguko ili isilegee tena. Sauti ikaisha, akalipa, akaondoka.

Siku ya nne gari likarudi likivutwa. Plagi ilikuwa imechomoka. Niliigeuza mkononi nikaona ukanda mwembamba wa aluminiamu umejiviringa kwenye nyuzi zake kama springi, unang'aa. Zile zilikuwa nyuzi za hedi. Mwenye gari akaniuliza kwa upole, "Si ni wewe uliyeikaza?" Nilishindwa kumjibu.

Kosa langu halikuwa nguvu peke yake. Sikuitoa plagi ile hata mara moja. Ningeitoa, ningekuta mchanga uliobanwa chini ya washa, ambao ndio ulioizuia kukalia sawasawa tangu ilipofungwa. Mimi nikaikandamiza juu ya mchanga uleule, kwenye aluminiamu yenye moto, ambayo nyuzi zake huwa laini. Na mjue kuwa plagi hupoza ncha yake kwa kupitishia joto kwenye nyuzi na washa kwenda kwenye hedi. Ikilegea, joto halina pa kutokea. Ncha inakuwa nyekundu, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka. Lile gari lilisalimika hapo. Fundi mkuu alishusha hedi, akachimba, akaweka nyuzi mpya za Helicoil, springi ya chuma inayoshika nafasi ya nyuzi zilizong'oka. Nilimshikia taa kutwa nzima, na hakunifokea hata neno moja.

4. Piga upepo kisimani, yaani kwenye shimo la plagi, kabla ya kuitoa, kisha futa kikalio, pale inapokalia.

5. Anza kwa mkono, soketi na ekstensheni bila racheti. Ikigoma, rudisha nyuma.

6. Kitabu cha injini kwanza. Kwa kawaida, kwenye hedi ya aluminiamu, plagi ya milimita 14 yenye washa hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 25 hadi 30, ya milimita 12 kwa Nm 15 hadi 20, na ya milimita 10 kwa Nm 10 hadi 12. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, washa mpya ikishagusa kikalio ongeza nusu mzunguko. Iliyokwisha kubonyea, sehemu moja ya 12 ya mzunguko. Ya kikalio cha koni isiyo na washa ni sehemu moja ya 16 tu, na hapo ndipo mnapoua hedi. Nyuzi zisipakwe grisi: spana itasoma sawa wakati plagi imeshakazwa kupita kiasi.

Yule kijana wa koili nilimwambia aliache gari hadi asubuhi, lipoe kabisa. Alipoitoa plagi mwenyewe akamulika kisimani. Washa ya plagi ya zamani ilikuwa imebaki chini, na mpya ilikuwa imekazwa juu yake. Akainyofoa kwa sumaku, akaja kunionyesha kiganjani.