Kinachobaki Baada ya Makato na Pango

Swali la wiki hii liliuliza: anayechagua kati ya ajira mbili aangalie ukubwa wa mshahara, au kodi na gharama za maisha za mahali anakokwenda? Jibu langu ni kwamba mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira haulinganishiki na mwingine hadi utolewe makato, kisha matumizi yasiyoepukika, na kwamba katika hesabu hiyo wengi huiogopa mno kodi ya mapato, wakalichukulia pango kuwa jambo dogo.

Tuchukue tarakimu ndogo, za sarafu yoyote ile. Ajira ya kwanza inalipa 1,000 kwa mwezi na ya pili 1,400, na sheria inatoza asilimia 20 hadi kufikia 1,000, kisha asilimia 30 kwa kinachozidi hapo. Mfanyakazi wa kwanza anakatwa 200, analipa pango 200, anatumia 350 kwa chakula, nauli na mengineyo, na kubakiwa na 250. Wa pili anakatwa 320, lakini nyumba ya namna ileile huko aliko ni 450 na matumizi mengine ni 440, hivyo anabakiwa na 190. Katika ile nyongeza ya 400, kodi ya mapato ilichukua 120 tu. Pango lilimeza 250.

Mfano huo unajibu pia hofu ninayoisikia mara kwa mara, kwamba mshahara ukivuka ngazi ya kodi basi wote hukatwa kwa kiwango kipya. Sivyo, kodi inapotozwa kwa ngazi, kiwango cha juu hugusa sehemu iliyozidi tu. Anayeweza kweli kupata hasara ni yule ambaye nyongeza inamwondolea ruzuku inayotolewa kwa wenye kipato kidogo, na hilo ni la kuulizia kabla ya kutia saini.

Wala kodi haifai kusomwa bila kutazama inalipia nini. Falme za Kiarabu hazitozi kodi kwenye mshahara wa mfanyakazi, lakini mgeni anayekwenda huko na watoto kwa kawaida huwalipia karo katika shule binafsi. Denmark hutoza kodi kubwa, na kodi hizo ndizo zinazogharimia matibabu ya hospitali na masomo ya chuo kikuu kwa raia wake. Mwenye watoto na asiye nao wanaweza kuzitazama nchi hizo mbili wakafikia maamuzi tofauti, wote wakiwa sahihi.

Hata hivyo, siungi mkono ushauri wa kukimbilia mahali pa bei nafuu kila mara. Anayeweka akiba, kulipa deni au kuwatumia wazazi fedha hujali kiasi kinachobaki kuliko asilimia yake, na mkopo wa masomo haupungui kwa sababu mkopaji amehamia mji wenye maisha rahisi. Yule mfanyakazi wa pili akigawana pango nusu kwa nusu na mwenzake, anabakiwa na 415 na hesabu yote inageuka. Kijana asiye na familia atalimudu hilo, mwenye watoto watatu hataliweza, na ndiyo maana fahirisi za gharama za maisha, yaani namba zinazolinganisha bei za mahali na mahali, ambazo hukokotolewa kwa wastani, zinafaa kuanzia hesabu tu.

Jambo moja waajiri hawalitaji wasipoulizwa: ni sehemu gani ya malipo ni mshahara wa msingi, na sehemu gani ni posho. Pale ambapo michango ya hifadhi ya jamii hukatwa kwenye mshahara wa msingi peke yake, posho hunenepesha malipo ya mwezi huku pensheni ikibaki nyembamba, na zaidi ya hayo posho ni rahisi kupunguzwa kuliko mshahara. Kwa sababu hiyo mimi huiacha nje kabisa ninapopiga hesabu ya nyumba ninayoweza kuipanga.