Myahudi akibatizwa, anaacha kuwa Myahudi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwenye jumuiya yetu tumebishana. Mmoja anasema Myahudi akibatizwa si Myahudi tena, na kwamba Wayahudi wanaomwamini Yesu waliishia enzi za mitume. Ni kweli?

JIBU: Milele, Amina. Mwanangu, swali hilo mngelipeleka Yerusalemu miaka ya mwanzo wangewashangaa. Kule ugomvi ulikuwa kinyume chake: huyu asiye Myahudi ataingiaje bila kutahiriwa? Mnamo mwaka 49 hivi mitume na wazee wakaamua watu wa mataifa wasitwikwe mzigo wa Torati (Mdo 15). Wayahudi hawakuambiwa waache Uyahudi wao. Someni Mdo 16:3 sambamba na Gal 2:3: Timotheo, ambaye mama yake ni Myahudi, Paulo anamtahiri, Tito, Myunani, hatahiriwi. Paulo ni yuleyule, na ubatizo ni uleule.

Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, ameandika kuwa maaskofu 15 wa kwanza wa Yerusalemu wote walikuwa Waebrania, mpaka vita vya wakati wa Kaisari Hadriano wa Roma vilivyokwisha mwaka 135. Baada ya hapo Wayahudi wanaomwamini Yesu wakawa wachache, na wakaanza kusemwa. Hieronimo, mfasiri wa Biblia wa kale, alidai kwamba kwa kutaka kuwa Wayahudi na Wakristo, hawakuwa hiki wala kile. Ni mtakatifu wetu, lakini ulimi wake ulikuwa mkali.

Siku hizi je? Wapo. Israeli kuna Wakatoliki wanaosali Misa kwa Kiebrania, na nje ya Kanisa letu wapo Wayahudi wa Kimasiya, yaani wanaomkiri Yesu kuwa Masiya huku wakijiita Wayahudi. Kardinali Jean-Marie Lustiger wa Paris alibatizwa mwaka 1940 akiwa na miaka 13. Mama yake aliuawa Auschwitz. Alipofariki mwaka 2007, jeneza lilisimama kwanza nje ya Notre-Dame, ikasomwa Kaddish, sala ya Wayahudi ya kuombolezea wafu, ndipo likaingizwa kwenye Misa.

Ila huyo mwenzenu hakusema ovyo kabisa. Mwaka 1962 Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyekuwa mtawa Mkarmeli, alidai uraia wa Israeli kwa haki ya Kiyahudi. Mahakama Kuu ilikubali kwamba kwa sheria ya dini yao angali Myahudi, lakini ikamnyima: katika lugha ya watu wa kawaida, walisema majaji, aliyebatizwa haitwi Myahudi. Uraia akaupata baadaye kwa kuuomba kama mgeni yeyote, akaishi Haifa hadi kifo chake mwaka 1998.